Jirani na mashine ya MRI au maelfu ya picha za wengine: uanzie wapi kazi ya kuchambua picha za ubongo?

"Shikamoo dada. Nimepata sehemu mbili, na zote wanataka jibu Ijumaa."

Aliyenipigia ni kijana niliyemfahamu akiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya takwimu. Nilikuwa namwelekeza mambo ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, jioni jioni. Matangazo yote mawili yalikuwa na jina moja la kazi: mchambuzi wa data za picha za ubongo, utafiti wa magonjwa ya akili. Mishahara inakaribiana, mkataba ni miaka miwili miwili. Sehemu ya kwanza ni maabara ya chuo kikuu huko Ulaya yenye mashine yake ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Wanafuatilia vijana waliopata skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, kwa mara ya kwanza; wameshapiga picha watu 60 na wanaendelea. Ya pili ni kundi lisilopiga picha hata moja. Wao hupokea picha na vipimo kutoka hospitali na vyuo vya nchi nyingi, wanatafiti sonona, na washiriki wao ni maelfu.

Kazi zote mbili nimezifanya. Ya kwanza nilikaa nayo miaka mitatu, ya pili niko nayo mpaka leo. Tuliongea usiku ule mpaka simu yake ikaisha chaji, na kwa kuwa si yeye peke yake aliyewahi kuniuliza, nimeona niyaandike.

Unachokitafuta ni kidogo mno

Jambo moja lieleweke kabla ya kulinganisha, maana linaamua mengine yote. Hakuna daktari anayeweza kutazama picha ya MRI ya mtu mmoja akasema huyu ana sonona, au huyu ana skizofrenia. Uvimbe au kiharusi utauona kwa macho. Ugonjwa wa akili hauonekani hivyo. Tofauti hujitokeza ukishakusanya watu wengi na kulinganisha wastani.

Mwaka 2016 ENIGMA, muungano wa watafiti ulioanzishwa 2009, ulitoa matokeo yake ya sonona: wagonjwa 1,728 na wasio wagonjwa 7,199. Hipokampasi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa ndogo zaidi kwa wagonjwa. Kwa kiasi gani? Chukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua: mara 54 katika 100 mgonjwa ndiye atakayekuwa na hipokampasi ndogo. Kurusha sarafu kungekupa 50. Kwa skizofrenia, mwaka huohuo na muungano huohuo, hesabu inafika kama 63.

Tofauti hizo ni za kweli na zina maana kwa anayetaka kuelewa ugonjwa. Lakini ni nyembamba kiasi kwamba uchafu mdogo tu kwenye picha unaweza kuzifunika, au ukazizua pale zisipokuwepo. Kwa hiyo nikilinganisha kazi hizi mbili, swali langu la kwanza ni hili: utajifunza kuutambua uchafu wa aina gani?

Uchafu wa mtu na uchafu wa mashine

Nilikuwa na mwezi wa pili tu maabarani. Nilifungua picha ya kijana mmoja, ile ya umbo la ubongo ambayo hupigwa kwa dakika tano au sita, yenye vichembe vya milimita moja moja tunavyoviita vokseli. Upande wa mbele, nyuma ya paji la uso, kulikuwa na mistari hafifu iliyofuatana, kama viduara vinavyosambaa ukitupa kokoto kwenye maji yaliyotulia. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeiacha programu ya FreeSurfer ikipima unene wa gamba la ubongo wake, yaani tabaka lake la nje, kazi ambayo ilichukua saa nane hivi. Jedwali lilikuwa limejaa namba, zote za kawaida kwa kuzitazama: milimita 2.4 hapa, 2.2 pale. Hakuna onyo lolote. Ningelisoma jedwali peke yake, ningempitisha.

Nikashuka ngazi kwenda kumuuliza mtaalamu aliyeendesha mashine siku ile. Alimkumbuka mara moja. "Yule? Hata kwenye kiti cha kusubiri hakutulia. Miguu inakwenda tu. Alisema ni dawa."

Dawa za skizofrenia, hasa za zamani kama haloperidol, zinaweza kumfanya mtu ashindwe kabisa kutulia, akahisi lazima asogeze miguu. Madaktari huiita hali hiyo akathisia. Sasa fuata mkondo wake. Dawa inasukuma miguu, miguu inatikisa mwili, kichwa kinasogea kidogo, picha inapata mistari, programu inausoma mpaka wa gamba vibaya, na mwisho wa yote kwenye jedwali kunaandikwa kwamba mgonjwa ana gamba jembamba. Mwaka 2015 Martin Reuter na wenzake walichapisha jaribio la watu wenye afya nzuri walioombwa wasogeze vichwa wakiwa ndani ya mashine. Vipimo vya ujazo na unene wa ubongo vilishuka. Ubongo haukuwa umebadilika hata chembe.

Gamba jembamba kwenye skizofrenia lipo kweli. ENIGMA walilithibitisha 2018 kwa wagonjwa 4,474 na watu 5,098 wa kulinganishwa nao. Ila dawa pia zina mkono wake kwenye vipimo. Kwa wagonjwa wa hisia mseto (bipolar), wanaotumia lithium walionekana kuwa na gamba nene kuliko wenzao wasioitumia. Ukiwa maabarani, mtu wa kumuuliza kuhusu dawa, kipimo chake na muda gani ametumia yuko mlango wa pili, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe amekaa pale anakunywa maji kabla ya zamu yake.

Kwenye data kubwa hutamwona kijana huyo. Utakachopokea ni mstari wake kwenye jedwali: umri, jinsia, mgonjwa au si mgonjwa, kisha vipimo vya sehemu 68 za gamba. Kila kituo kimekagua picha zake kwa kufuata mwongozo mmoja, na lazima uwaamini. Huko uchafu unaokuhusu zaidi ni wa mashine na makaratasi. Kituo kimoja kina sumaku ya Tesla 1.5, kingine Tesla 3; Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku. Huyu ana Siemens, yule Philips, mwingine GE. Ziko njia za kusawazisha. Inayotumika sana ni ComBat, iliyotungwa 2007 kwa ajili ya data za vinasaba na kuletwa kwenye picha za ubongo kama miaka kumi baadaye.

Lakini si kila kitu kinasawazishika. Kuna kituo kimoja tulichokipokea ambacho wasio wagonjwa walitofautiana na wagonjwa kupita kiasi, karibu kila sehemu ya ubongo. Matokeo yalipendeza mno, na ndiyo yaliyonitia wasiwasi. Nilitumia wiki sita nikiandika barua pepe kabla ya kugundua kwamba wagonjwa wote walipigwa picha kabla mashine yao haijabadilishwa, na wazima karibu wote baada ya hapo. Aliyezikusanya data alikuwa ameshaondoka na hakuacha maelezo yoyote. Hapo hakuna hesabu inayoweza kutenganisha ugonjwa na mashine, kwa sababu vimefungwa pamoja tangu mwanzo. Tulikitoa kituo kizima. Najua kila mstari niliofuta ni mtu aliyelala ndani ya ile mashine yenye kelele akiamini anasaidia wengine, na mpaka leo linaniuma.

Nani hayumo kwenye jedwali

Alikuja dada mmoja maabarani, mwanafunzi, amesuka nywele za kuongezea, rasta ndefu nzuri. Baadhi ya nywele hizo huwa na nyuzi zenye chuma, na hata zisizo na chuma zikiwa nyingi hazikai ndani ya kile kifuniko cha kichwa cha mashine, ambacho ni chembamba kama kofia ya pikipiki. Akaambiwa azifumue. Alikuwa amekaa siku nzima akisukwa na amelipa pesa nyingi. Aliaga kwa adabu akaondoka, na hakurudi.

Mimi niliyekuwa chumbani nilimwona. Tulibadilisha utaratibu: simu inapigwa mapema, mtu anaelezwa habari za nywele, wanja na vipodozi vya macho vyenye chembe za chuma, na miadi inapangwa siku zile anazofumua kabla ya kusuka upya. Hatua ndogo tu, lakini watu wenye nywele kama zetu wakaanza kupatikana. Kwenye data ya maelfu, dada yule hana hata nafasi tupu kwenye jedwali. Unahesabu waliopo, unasema sampuli ina upungufu, basi.

Wenzetu wanaopima mawimbi ya ubongo kwa EEG wana shida hiyohiyo, kwa kuwa kidude cha kupimia lazima kiguse ngozi ya kichwa. Mwaka 2020 Arnelle Etienne na wenzake wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha vishikizo vinavyokaa katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa, msuko wa moja kwa moja kama twende kilioni. Wazo kama hilo humjia mtu aliyesimama karibu na kichwa cha mwenzake.

Maswali unayoweza kuyajibu

Hapa data kubwa inashinda, na sitaki kuficha. Mwaka 2022 Scott Marek na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature uchambuzi uliotumia data za watu karibu 50,000. Walionyesha kwamba kuhusisha tofauti za ubongo kati ya mtu na mtu na tabia au dalili kunahitaji maelfu ya washiriki, ilhali tafiti nyingi za aina hiyo zilikuwa na watu kama 25. Kama maabara yako ya watu 60 inakuambia itatafuta sehemu ya ubongo inayotabiri nani atapata sonona, waulize kwa heshima watafikaje.

Kuna maswali ambayo maelfu hayayajibu. Mtu yuleyule akipigwa picha kabla ya dawa, wiki ya pili, na mwezi wa tatu, unamlinganisha na nafsi yake, na watu 60 wanaweza kutosha kukuambia kitu. Mradi mkubwa kama UK Biobank uliandikisha watu nusu milioni wa miaka 40 hadi 69 nchini Uingereza, ukaweka lengo la kupiga picha 100,000 kati yao. Lakini waliokubali kuingia mradini walikuwa kama 5.5 katika kila 100 walioalikwa, na wana afya bora kuliko majirani zao. Mtu aliyelazwa kwa ajili ya skizofrenia si rahisi aitikie barua ile. ABCD ya Marekani, yenye watoto zaidi ya 11,000 walioanza wakiwa na miaka 9 au 10, inafuatilia ukuaji vizuri sana, ila nayo haikujengwa ili kupima kama tiba fulani inafanya kazi.

Nani atasoma skripti zako

Mwaka 2020 timu 70 zilipewa data moja ya watu 108 na kuulizwa maswali 9 yaleyale. Hakuna timu mbili zilizopita njia moja ya uchambuzi, na kwa baadhi ya maswali majibu yaligawanyika. Miaka minne kabla, Anders Eklund na wenzake walikuwa wameonyesha kwamba baadhi ya njia za kawaida kwenye programu kubwa tatu, yaani SPM, FSL na AFNI, ziliweza kutoa matokeo ya uongo hata mara 70 katika 100 pale ambapo watu waliamini ni mara 5.

Kwa mwanafunzi wa kazi hili ni jambo zito. Kwenye kundi la data kubwa, skripti yako itaendeshwa na watu wa nchi kumi. Ikiwa na kosa, kuna mtu wa Brazil au Korea ataliona kabla ya wiki kuisha. Mpango wa uchambuzi unaandikwa na kukubaliwa kabla ya mtu kugusa data. Nidhamu hiyo niliipata huko, sikuipata maabarani. Maabarani nilikuwa mchambuzi peke yangu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyewahi kufungua faili zangu. Nilikuja kugundua mwenyewe kwamba nilikuwa nimepindua kushoto na kulia kwa washiriki watatu. Tulisahihisha kabla ya kuchapisha, lakini ilikuwa bahati.

Zana siku hizi zinafanana kote. Utapanga faili kwa mtindo wa BIDS, utasafisha picha za utendaji, zinazoonyesha ubongo ukifanya kazi, kwa fMRIPrep, utatumia FreeSurfer kupima umbo, na utaandika kwa Python au R. Tofauti iko kwenye kilichozidi. Maabarani unajifunza kusoma picha kwa jicho na kuongea na madaktari. Kwenye data kubwa unajifunza takwimu nzito na kuandika programu isiyovunjika kwenye kompyuta ya mtu mwingine, na huo ni ujuzi ambao hata benki na kampuni za simu wanauhitaji siku ukiamua kuacha utafiti.

Jambo jingine linaloumiza, na hutokea zaidi maabarani: kuna siku utafungua picha ya mtu mwenye afya aliyejitolea, ukaona kivuli kisichotakiwa kuwepo. Wewe si daktari, huruhusiwi kumwambia chochote. Kabla ya kuanza kazi hakikisha unajua picha hiyo inapelekwa kwa nani na kwa muda gani. Kama hawana jibu la haraka, hiyo si maabara iliyo tayari.

Kuhusu mikataba sina mengi. Kote ni ya muda, inafuata fedha za mradi. Kwenye makala za muungano jina lako linaweza kuwa la 40 kati ya 150. Maabarani yanaweza kuwa matano tu, lakini lako likasahaulika kabisa kama hukuuliza mapema. Uliza kwenye usaili, na uombe jibu kwa maandishi.

Kama unafikiria kurudi nyumbani

Kijana wangu aliniuliza hili kwa sauti ya chini kidogo, kwa kuwa mama yake yuko Dodoma. Uchambuzi wa data kubwa unaweza kuufanya ukiwa popote penye intaneti ya uhakika, na data za UK Biobank siku hizi huchambuliwa ndani ya jukwaa lao la mtandaoni, huhitaji seva yako. Lakini maombi huwasilishwa kupitia taasisi na yana ada, na picha utakazozichambua si za watu wa kwenu.

Mashine nazo zinakuja. Ile ya kampuni ya Hyperfine ina sumaku ya Tesla 0.064, inasukumwa kwa magurudumu hadi kitandani na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida ya ukutani, na imeshatumika kupiga picha za watoto wachanga kwa utafiti huko Malawi na Afrika Kusini. Picha zake hazina ukali wa picha za Tesla 3. Zinahitaji jicho linalojua kutofautisha ubongo na uchafu, na watu wenye jicho hilo kwetu ni wachache sana. Ukiwa na ndoto ya kuwa miongoni mwao, ni vigumu kujifunza hayo kwenye jedwali.

Ningechagua nini

Kwa mtu anayeanza, ningekwenda maabarani kwanza, nikae miaka miwili, kisha niende kwenye maelfu. Anayetoka maabarani akiingia kwenye data kubwa hubeba shaka inayomsaidia: akiona namba anauliza kichwa kilitulia? Nimefanya kazi na vijana mahiri walioanza na majedwali, takwimu zao ni kali kuliko zangu, na bado walipata taabu kuamini kwamba namba safi inaweza kutoka kwenye picha chafu.

Ila ningeweka masharti. Awepo angalau mtu mmoja mwingine anayechambua, wa kusoma skripti zako. Swali la utafiti liwe linalowezekana kwa idadi ya watu walionao. Na wakuruhusu kukaa chumba cha mashine, hata mara moja kwa wiki. Wakikwama kwenye mawili kati ya hayo, nenda kwenye data kubwa bila kusitasita, maana utalelewa vizuri zaidi huko.

Nilimpa na kazi ya kufanya kabla ya Ijumaa. Kwenye OpenNeuro, hazina ya mtandaoni ya data za ubongo, kuna seti iitwayo ds000030, ya chuo kikuu cha California, Los Angeles. Ina watu 272, kati yao 50 wenye skizofrenia, 49 wenye hisia mseto, 43 wenye matatizo ya umakini, na 130 wasio na ugonjwa. Ni ya bure. Nilimwambia apakue picha kumi tu, asisome kwanza nani ni mgonjwa, azitazame moja moja kwa saa mbili, kisha ajisikilize: unatamani kujua nini kilitokea chumbani siku ile, au unatamani picha nyingine elfu?

Alhamisi usiku, saa tano na nusu, ujumbe ukaingia na picha ya skrini yake.

"Dada, huyu wa nne. Hii mistari ya mbele ndiyo ile uliyosema, au macho yangu?"

Nikaikuza. Ndiyo ile.